Bell: Risasi ndogo, shabaha kali

Shabiki wa Bulwa, kule milima ya Usambara, anajua shuti kali likipaa juu ya mwamba halina faida. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880, aliishi kwa kanuni hiyo, ila yeye alishika bunduki.

Alitua Afrika Mashariki akiwa kinda, akapata kazi ya kuwawinda simba waliosumbua ujenzi wa reli ya Uganda. Baadaye akazama Karamoja kusaka pembe za ndovu, na jina la Karamojo likamganda hadi mwisho.

Enzi hizo wengi waliamini mnyama mkubwa anataka bunduki nzito ya mitutu miwili. Bell akachagua Rigby .275, risasi ya milimita 7 tu. Mchezo wote ulikuwa kwenye aina ya risasi. Yenye ncha laini hutanuka ikigonga, inaishiwa nguvu kwenye mfupa. Iliyovikwa metali ngumu hupenya moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Jamaa alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Ukikosa hapo, ndovu anakugeukia, na hakuna marudiano.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta rubani wa Waingereza, akaruka hadi anga ya Tanganyika. Alifariki kwao Uskoti mwaka 1954.

Aliangusha ndovu zaidi ya 1,000, wengi kwa kirisasi hicho. Zamani ilikuwa rekodi ya kujivunia. Leo idadi hiyo inauma, na hapa Tanzania ukiua hata mmoja bila kibali, ni jela.