Seyyid Barghash na Taa Isiyokuwa na Mwenzake

Umeme ukatikapo Bondeni baada ya magharibi, wanafunzi hutoka na vitabu vyao barazani, na lawama huwa nyingi. Ni nadra kutajwa yule ambaye jina lake hutangulia katika masimulizi ya umeme wa Mombasa, naye ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Maisha yake yana funzo kwa zama zetu.

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, mmoja wa wana wengi wa Seyyid Said. Baba yao alipofariki mwaka 1856, Unguja ilimwangukia Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua nduguye, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, bandari iliyokwisha kuwa na reli na viwanda. Majid alipofariki mwaka 1870, yeye ndiye aliyetawazwa.

Utawala wake haukuanza kwa raha. Mwaka 1872 tufani ilizamisha merikebu zake na kuing'oa mikarafuu. Mwaka uliofuata Waingereza walimshurutisha alifunge soko la watumwa la Unguja. Dhuluma ile hakuiacha kwa hiari yake. Januari 1875 al-Akida aliasi ndani ya Fort Jesus, si mbali na hapa kwetu, na ngome haikurejea mikononi mwa Sultani ila baada ya manowari za Kiingereza kuipiga mizinga.

Hata hivyo, alikuwa mjenzi. Aliwavutia watu wa mjini maji kutoka Chemchem, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Katika historia ya umeme wa Kenya husimuliwa pia kwamba mwaka 1875 alinunua mtambo wa kuangazia kasri lake na njia za jirani, na kwamba mwaka 1908 mtambo huo ulichukuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, ukawa chanzo cha kampuni ya umeme ya mji huu. Mwaka huo wa 1875 mwalimu na aupime kwa makini, maana balbu ya Edison ilitokea 1879. Lakini jambo moja ni yakini: mitambo ya zama zile ilikuwa kama visiwa, kila mmoja na kipimo chake, pasipo sheria ya kuiunganisha na mwenzake.

Mwisho wa Barghash ulikuwa mchungu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana wao kwa wao juu ya mipaka ya milki yake, wakambakishia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Alifariki Machi 1888. Alikuwa na kasri, meli na mitambo. Hakuwa na kiti pale vipimo vilipoamuliwa. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Naam, leo vipimo vingine vinaamuliwa. Tangu Novemba 2022 Kenya hupokea umeme wa Ethiopia kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,000, kutoka Wolayita Sodo hadi Suswa, yenye volti 500,000 na uwezo wa megawati 2,000. Umeme huo husafiri kwa mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja tu, kwa kuwa katika masafa marefu hupotea kidogo. Kisha hugeuzwa Suswa kuwa mkondo geu wa majumbani. Mitambo ya kugeuzia ni ghali, na ya watengenezaji mbalimbali huwa shida kuipatanisha isipokuwa pana viwango vya pamoja. Asiye na viwango hubaki mateka wa aliyemuuzia.

Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme iliundwa mwaka 1906, na tangu 2008 ina kamati mahususi ya mkondo huu. Swali langu ni moja: je, katika meza hiyo vijana wetu watakuwa waandishi wa viwango au wanunuzi tu? Walimu wa fizikia na hisabati wa Mombasa wanalo jibu mikononi mwao. Sultani aliweza kununua taa. Elimu ya kuamua itawakaje haiuzwi dukani. Ni juu yetu kuwafunza watoto wasome viwango hivyo, wavihoji, na siku moja waviandike.