Sura Aliyoikosa Frederick Douglass

Katika nyumba nyingi, picha ya mzazi aliyefariki hutundikwa sebuleni, na watoto hukua wakiitazama. Tumelizoea jambo hilo hata hatulioni kuwa ni neema. Frederick Douglass, mtetezi mashuhuri wa Wamarekani weusi, hakuijaliwa.

Alizaliwa utumwani katika jimbo la Maryland mwezi Februari 1818. Mwenyewe alidhani ni 1817. Mwaka sahihi uligunduliwa muda mrefu baada ya kifo chake, katika daftari la bwana wake, alimoorodheshwa miongoni mwa mali. Mamake, Harriet Bailey, alifanya kazi katika shamba lililokuwa umbali wa maili 12 hivi. Mara chache alikuja usiku kwa miguu, akamlaza mwanawe, na kabla ya mapambazuko alikuwa ameshaondoka. Alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 7 hivi, na mtoto huyo hakuruhusiwa kumwuguza wala kumzika.

Mnamo 1838 Douglass alitoroka. Mwaka uliofuata ufundi wa kupiga picha ulitangazwa jijini Paris, na kufikia 1841 hivi alikuwa ameketi mbele ya kamera. Hakuacha hadi alipofariki mwaka 1895. Watafiti wamehesabu picha zake 160, nao hushikilia kuwa hakuna Mmarekani wa karne ya 19 aliyepigwa nyingi zaidi, hata Rais Lincoln.

Hayo hayakuwa majivuno. Aliamini kwamba wachoraji wa Kizungu hawakuweza kumchora mtu mweusi bila kutia chumvi, na kwamba kamera haina chuki. Kwa hivyo alivaa suti na tai, akakaza uso, wala hakukubali kuonekana kama yule mtumwa mchekaji wa michoro ya dhihaka. Hata wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, alitoa mihadhara mintarafu ya picha.

Nadhani aliiamini kamera kupita kiasi. Mnamo 1850, katika jimbo la South Carolina, watumwa walivuliwa nguo na kupigwa picha kwa ajili ya Profesa Louis Agassiz wa Harvard, aliyetaka kuthibitisha kwamba watu weusi hawana asili moja na Wazungu. Chombo kilikuwa kile kile. Tofauti ni kwamba Douglass alikwenda kwa hiari, akajichagulia vazi na mkao.

Lakini Harriet alikufa kabla kamera haijafika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1855, Douglass alisimulia kwamba kitabu cha Mwingereza James Prichard kuhusu jamii za binadamu kilikuwa na mchoro wa kichwa, ukurasa wa 157, uliofanana mno na mamake, hata akawa akiurejea mara kwa mara kumkumbuka. Mchoro huo ulikuwa wa Ramses, farao wa Misri: mwanamume, tena mfalme, aliyekufa miaka 3,000 hivi kabla ya Harriet.