Mraba Mweusi wa Malevich

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani. Nadhani alitazamia mpigania uhuru. Mimi nimemchagua mchoraji, Kazimir Malevich, na wenzangu wa bweni watacheka, maana wanakumbuka nilivyokuwa nikikitoroka kipindi cha sanaa.

Alizaliwa karibu na Kiev mwaka 1879, wa wazazi wenye asili ya Poland. Baba yake alifanya kazi katika viwanda vya sukari, hivyo mtoto alikulia vijijini, akitazama wakulima wakizipamba nyumba zao kwa rangi.

Desemba 1915, mjini Petrograd, alionyesha picha 39. Mojawapo ilikuwa mraba mweusi juu ya rangi nyeupe, basi! Aliutundika juu kabisa pembeni mwa chumba, mahali ambapo Warusi huweka picha takatifu. Nilipouona kitabuni nikiwa Chuo Kikuu, nilisema hata mimi ningeweza. Sikutambua kwamba mtu aliyekwisha kuwaondoa watakatifu na wafalme katika picha alikuwa tayari kuishi katika nchi isiyo na mfalme.

Mwaka 1917 mfalme akaanguka. Serikali mpya iliwahitaji wasanii wa namna hii, nao waliihitaji. Kuanzia 1919 Malevich alifundisha Vitebsk, na wanafunzi wake wakaupamba mji kwa miraba na duara, kutani na hata kwenye tramu. Vijana mlioko madarasani, hebu fikirini: shule nzima inatoka nje kupaka mji rangi, na wakubwa wanakubali!

Haikudumu. Malevich akaongoza chuo cha utafiti wa sanaa huko Leningrad. Gazeti likakishambulia, na mwaka 1926 kikafungwa. Mwaka 1930 alikamatwa, akahojiwa juu ya safari yake ya Ujerumani. Mwaka 1932 Chama kikavunja vikundi vyote vya wasanii. Wananchi walitakiwa kuchorewa picha wanazozielewa mara moja.

Hapa ndipo ninapojikuna kichwa. Chuo kile hakikufungwa na majeshi. Kilifungwa kwa barua, yenye muhuri na sahihi, iliyopita mezani kwa watumishi kama mimi. Nami nimewahi kuandika barua ya kufunga jambo nisilolielewa, kwa kuwa halikuwa na fungu katika makadirio. Sikuwahi kwenda kulitazama.

Malevich alirudia kuchora watu na wakulima, lakini pembeni mwa baadhi ya picha hizo, penye sahihi, aliweka kimraba kidogo cheusi. Alifariki kwa saratani Mei 1935. Gari lililobeba jeneza lilikuwa na mraba mweusi mbele. Majivu yake yalizikwa Nemchinovka, karibu na Moscow. Kaburi likapotea wakati wa vita, na baadaye majumba ya ghorofa yakajengwa mahali hapo. Ule mraba wenyewe ulikaa stoo, na watu wa kwao hawakuonyeshwa tena hadharani hadi miaka ya 1980.