Trautmann: Kipa Mjerumani aliyeshuka na City, akaja kufundisha soka Tanzania

Msimu wa 1949/50 Manchester City ilishuka daraja. Si City hii ya Haaland inayojaza vibanda umiza kuanzia Kaniha hadi Bukoba mjini. Ile ilikuwa City ya kuburuza mkia, iliyomaliza ya 21 kati ya timu 22 na kwenda zake Daraja la Pili. Lakini msimu huohuo mbovu ndio uliowapa Bert Trautmann, kipa ambaye wazee wa pale hawajamsahau.

Alizaliwa Bremen, Ujerumani, mwaka 1923. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana, akawa askari wa miamvuli wa jeshi la Hitler. Alipigana Urusi, kisha upande wa magharibi, hadi Waingereza wakamkamata. Udakaji aliuanzia kwenye kambi ya wafungwa wa vita huko Uingereza. Alikuwa mchezaji wa ndani, siku moja akaumia, akabadilishana nafasi na kipa wao, na hakutoka tena golini. Mwaka 1948 alipewa nafasi ya kurudi kwao, akakataa. Alibaki akidakia St Helens Town, timu ya ridhaa tu.

Oktoba 1949 City wakamsajili, moto ukawaka. Vita ilikuwa imeisha miaka minne tu, Manchester ilipigwa mabomu, na mji una Wayahudi wengi. Watu wapatao 20,000 waliandamana, wenye tiketi za msimu wakatishia kususa. Halafu alikuwa anavaa viatu vya Frank Swift, kipenzi cha mashabiki. Nahodha Eric Westwood, ambaye mwenyewe alipigana na Wajerumani kule Normandy, ndiye aliyemkaribisha chumba cha kubadilishia nguo na kuwaambia wenzake vita haiingii humo. Rabi Alexander Altmann, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, aliandika gazetini akiomba mtu mmoja asiadhibiwe kwa dhambi za taifa zima.

Uwanjani mambo hayakuwa mepesi. Mechi ya kwanza City walilala 3-0 kwa Bolton. Mwezi uliofuata Derby County wakawatandika 7-0, na hapo wengi wangefungasha virago. Januari 1950 wakaenda London kucheza na Fulham. Jiji lile lilikuwa bado na makovu ya mabomu, jukwaa zima likimzomea na kumwita Mnazi. Kila mtu alitegemea mvua ya mabao. Jamaa akaokoa hatari moja baada ya nyingine, City wakafungwa bao moja tu. Filimbi ya mwisho ilipopigwa, walewale waliokuwa wakimzomea walisimama kumpigia makofi, na wachezaji wa timu zote mbili wakajipanga kumpongeza akitoka. Ni kipigo, pointi hazikupatikana, lakini pale ndipo Uingereza ilipomkubali.

Timu ilishuka hivyohivyo. Yeye hakuondoka, na baada ya msimu mmoja tu wakarudi juu.

Wengi wanamjua kwa fainali ya Kombe la FA 1956, alipovunjika shingo zikiwa zimebaki dakika kama 17 na akaendelea kudaka hadi City wakaifunga Birmingham 3-1. Siku hizi kipa akiguswa kidogo tu anaita machela! Shingo iligundulika imevunjika siku chache baadaye. Wiki chache mbele, akiwa bado anauguza, mwanawe mdogo John aligongwa na gari akafa. Alirudi golini na kufikisha mechi 545 akiwa na City, kabla ya kuondoka 1964.

Ukocha haukumnyookea. Aliisimamia Stockport County ya Daraja la Nne, akaacha 1966. Baadaye shirikisho la soka la Ujerumani Magharibi likamtuma kufundisha nje: Burma kwanza, kisha, katikati ya miaka ya 1970, hapa kwetu Tanzania, halafu Liberia, Pakistan na Yemen. Alifariki Hispania Julai 19, 2013, akiwa na miaka 89.