Ole Evinrude, Fundi wa Injini za Mashua

Kisiwa cha Makoongwe ki karibu na bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Kati ya kisiwa hicho na Mkoani hakuna njia ila bahari, na watu huvuka kwa chombo waendapo sokoni au wampelekapo mgonjwa hospitali. Zamani walitegemea tanga na kasia tu. Siku hizi vyombo vingi vina injini ndogo iliyofungwa tezini. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ya kueneza injini za namna hiyo duniani ni Ole Evinrude.

Ole alizaliwa mwaka 1877 katika nchi ya Norwe. Alipokuwa na umri wa miaka 5, wazazi wake walihamia Marekani, wakalima shamba huko Wisconsin, karibu na ziwa. Mtoto alipenda sana vyombo vya majini, lakini baba yake hakupendezwa na jambo hilo. Husimuliwa kwamba Ole aliunda mashua kwa siri, na baba yake alipoiona akaiteketeza kwa moto. Basi kijana akaanza kuunda nyingine mahali pa mafichoni, asikome mpaka imekwisha.

Alipopata miaka 16 aliliacha shamba, akaenda mji wa Madison kufanya kazi katika karakana. Mchana alifanya kazi kwa mikono, na usiku alijifunza hesabu na elimu ya mitambo katika vitabu. Baadaye alifanya kazi Pittsburgh na Chicago, kisha akakaa Milwaukee, akawa fundi wa kuchonga mifano ya mti. Mfano huo hushindiliwa katika mchanga, ukaacha umbo lake, na chuma kilichoyeyushwa humiminwa mahali pake. Silinda za injini hufanywa kwa njia hiyo. Mfano ukikosea kidogo tu, silinda nayo huharibika. Kwa hiyo Ole alizoea kupima mara nyingi kabla ya kukata.

Katika mwaka 1906 alimwoa Bess Cary, binti mwenye akili ya biashara. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto kali, walipokuwa mapumzikoni ng'ambo ya ziwa, Bess alitamani aiskrimu. Ole akapiga makasia kwenda kuinunua, lakini aliporudi ilikuwa imeyeyuka. Tangu hapo hakuacha kuwaza juu ya injini iwezayo kufungwa tezini kwa mashua yo yote.

Ole hakuwa mtu wa kwanza kuwaza hivyo, maana wengine walikwisha kujaribu. Lakini injini yake ya mwaka 1909 ilikuwa imara. Ilikuwa na silinda moja, uzito wa ratili 62, na nguvu ya farasi mmoja na nusu. Alimwazima rafiki yake moja, na yule rafiki akarudi na watu kumi waliotaka kununua. Ole aliunda injini, na Bess akaandika matangazo na barua, akashika hesabu. Injini zikauzwa hata nchi za mbali.

Injini hiyo ni ya mapigo mawili. Ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka, na kila ipandapo mara moja moto huwaka mara moja. Mafuta ya kulainisha huchanganywa na petroli, nayo yakiungua huacha masizi magumu. Masizi yakiziba tundu la kutolea moshi, injini hupoteza nguvu, na mwisho huzimika. Ikizimika katikati ya mkondo, chombo huchukuliwa na maji pamoja na watu waliomo.

Kwa hiyo fundi mwema huifungua injini kabla haijamshinda. Huyakwangua masizi kwa kijiti cha mti, si kwa chuma kikali kiwezacho kuukwaruza ukuta wa silinda. Huosha silinda, huikausha, hutazama kama ina mikwaruzo, kisha huupaka ukuta mafuta safi. Huweka gasketi mpya. Huzibana ringi za pistoni kwa vidole, kila moja mahali pake, na kuishusha silinda polepole bila kuizungusha, maana ringi ikinasa katika tundu huvunjika. Mwisho hukaza nati kidogo kidogo kwa kupokezana, ya upande huu na ya upande wa pili, ili silinda ikae sawasawa. Mwenye haraka huyaacha mambo haya, na hasara yake huonekana baharini.

Ole naye aliijua hasara. Bess aliugua, na mwaka 1914 wakaiuza kampuni yao, pamoja na ahadi ya kutofanya biashara hiyo kwa miaka mitano. Hata hivyo Ole hakuacha kufikiri. Alibuni injini mpya yenye silinda mbili, akatumia aluminiamu badala ya chuma kizito, uzito wake usifike ratili 50. Akaipeleka kwa mwenye kampuni yake ya zamani, naye akaikataa. Basi Ole na Bess wakaanza upya, wakafanikiwa, hata mwaka 1929 kampuni yao mpya na ile ya kwanza zikaunganishwa pamoja na nyingine, na Ole akawa mkuu wake.

Bess alikufa mwaka 1933, na Ole akamfuata mwaka 1934. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. Mashua yake ilipochomwa aliunda nyingine, na injini yake ilipotoka mikononi mwake alibuni iliyo bora. Ndivyo lilivyo fundisho la kazi yake: kitu kilichoharibika hufunguliwa, husafishwa, na kuwekwa tena kwa saburi.