Edwin Armstrong: Aliyeipa redio FM, akafa akiidai

Mtu anayejitengenezea nyumbani kipokezi cha redio kinachoendeshwa na programu ya kompyuta mara nyingi huanza kwa kushusha masafa ya juu ya mawimbi hadi masafa ya chini. Baada ya hapo mawimbi hugeuzwa kuwa tarakimu, na kompyuta huchambua sauti. Hatua hiyo ya kwanza ina zaidi ya miaka 100, na ni kazi ya Mmarekani Edwin Howard Armstrong.

Alizaliwa New York mwaka 1890. Katika ujana wake huko Yonkers, chumba chake cha darini kilijaa nyaya, na uani alijijengea mlingoti wa antena wa takriban mita 38. Mwaka 1912, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aligundua kwamba mawimbi yaliyokuzwa na valvu yakirudishwa kiasi ili yakuzwe tena, matangazo hafifu ya mbali husikika vizuri. Lee de Forest naye alidai ugunduzi huo. Mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi de Forest, uamuzi ambao wahandisi wengi hawakuukubali. Armstrong alipotaka kurudisha medali aliyotunukiwa na taasisi yao, walikataa kuipokea.

Njia ya kushusha masafa aliibuni mwaka 1918, akiwa afisa wa jeshi mjini Paris. Kipokezi huzalisha wimbi lake chenyewe na kulichanganya na lile linaloingia. Tofauti ya masafa yao ndiyo inayokuzwa.

Mwaka 1933 alipata hataza za FM, iliyoondoa mikwaruzo ya radi. Kampuni ya RCA ilimpa dola milioni 1 kwa haki ya kuitumia, naye akakataa, akitaka alipwe kwa kila redio kama wengine walivyolipa. Mwaka 1945 serikali iliihamisha FM kutoka megahezi 42-50 hadi 88-108, na redio zilizokwisha kununuliwa zikawa bubu. Aliishtaki RCA mwaka 1948. Kesi zilimmalizia mali, ndoa ikayumba, na usiku wa kuamkia Februari 1, 1954 alijitoa uhai.

Mjane wake, Marion, hakuziacha kesi hizo. Mwaka huohuo RCA ilimlipa kiasi kisichotofautiana sana na kile mumewe alichokikataa. Kesi ya mwisho aliishinda mwaka 1967.