Hans Meyer na vidato vya barafu vya Kibo

Wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro kutokea Marangu, wilayani Moshi, hupita kwenye pango linaloitwa kwa jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889. Wengi humkumbuka kwa siku hiyo moja. Kilichomfikisha huko, hata hivyo, ni kushindwa mara mbili na namna alivyojipanga baada ya hapo.

Meyer alizaliwa Machi 22, 1858, mjini Hildburghausen, katika ukoo tajiri wa wachapishaji wa vitabu. Mali hiyo ndiyo iliyogharimia safari zake.

Mwaka 1887 alipanda hadi penye barafu akalazimika kurudi, kwa kuwa hakuwa na zana za kuikabili. Mwaka uliofuata alirejea akiwa na Oscar Baumann wa Austria, lakini vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimewaka pwani. Wote wawili walikamatwa, wakatiwa minyororo na kuachiwa baada ya kulipiwa fidia. Mlima hawakuufikia.

Safari ya tatu, mwaka 1889, ilikuwa ya aina nyingine. Meyer alimchukua Ludwig Purtscheller, mwalimu kutoka Austria na mpanda milima hodari wa Alps. Alipokewa na Mangi Marealle wa Marangu, akaweka kambi kuu huko na nyingine juu ya msitu, katika nyanda za baridi. Wapagazi waliwapelekea chakula na kuni kila baada ya siku chache, ili wapandaji wasilazimike kuteremka kila walipoishiwa. Kambi ya juu ilitunzwa na Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani aliyestahimili baridi ile kwa zaidi ya wiki mbili. Bila yeye na wapagazi wenzake, mpango huo ungebaki kwenye karatasi.

Oktoba 3, saa nane na nusu usiku, Meyer na Purtscheller waliondoka kuelekea Kibo. Walipofika kwenye mteremko wa barafu walijifunga kamba moja, na Purtscheller akaanza kuchonga vidato kwa shoka. Barafu ilikuwa ngumu kama kioo. Kila kidato kilihitaji mapigo takriban 20, na hewa ilikuwa nyepesi kiasi cha kuwalazimu kusimama mara kwa mara. Mchana walifika ukingo wa kreta na kukiona kilele upande wa kusini, mwendo wa saa moja na nusu hivi.

Hawakwenda. Nguvu zilikuwa zimekwisha na usiku ungewakuta kwenye barafu. Kwa mtu aliyekwisha kushindwa mara mbili, uamuzi huo haukuwa mwepesi.

Walipumzika, kisha wakalala chini ya mwamba mahali pa juu zaidi ili kufupisha mwendo. Oktoba 6 walivikuta vidato vyao vikiwa bado vinakanyagika. Kazi iliyowachosha siku tatu nyuma sasa ikawa ngazi, na kabla ya adhuhuri walikuwa kileleni. Meyer alikipa kilele jina la Kaiser Wilhelm na kukadiria urefu wake kuwa zaidi ya mita 6,000. Leo kinajulikana kuwa na mita 5,895, na jina lake ni Uhuru.

Mwaka 1912 Wajerumani wengine, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao za kutelezea thelujini, wakazitumia kuteremka.

Meyer alirudi Kilimanjaro mwaka 1898 na kuona kuwa barafu ilikuwa imepungua. Kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake.

Alifariki dunia Leipzig, Julai 5, 1929, akiwa na umri wa miaka 71.